Skonzi za Mkono wa Kushoto

Mlango wa oveni ya Mashoto ulikuwa haufungi. Aliubana kwa waya, kisha akauegemezea tofali, na bado moto ulipenya pembeni ukaunguza skonzi za mbele huku za nyuma zikibaki mbichi. Kuoka kwake ilikuwa kazi ya kusimama: fungua waya, geuza trei, funga waya, omba Mungu. Watu waliokula skonzi zake za matunda kila Pasaka baada ya ibada hawakuyajua hayo. Wao walijua utamu tu, na walijua kuomba nyingine ya kupeleka nyumbani kwa mgonjwa ambaye hayupo.

Mwaka huu pesa ya Pasaka ilikuwa na kazi yake. Fundi wa vyuma wa pale kona alikuwa amemtengenezea oveni mpya ya rafu mbili, na kwa vile Mashoto hakupata jina lake bure, aliagiza mpini uwekwe upande wa kushoto na mlango ufunguke kumfuata yeye. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Oveni ya mashoto! Nisipokuuzia wewe nitamuuzia nani?" Wakakubaliana: kanisa likilipa tu, oveni inabebwa. Mashoto alikuwa ameshaipimia nafasi jikoni kwa ufagio, akahamisha ndoo za maji, akawa anaikwepa anapopita kana kwamba imeshafika.

Wiki ile ya mwisho jikoni kulikuwa na watu watatu na sufuria moja kubwa. Ndani ya sufuria zililowekwa zabibu kavu, maganda ya machungwa yaliyokatwakatwa, na vipande vya nanasi lililokaushwa juani, vyote vikinywa chai ya rangi yenye mdalasini. Mke wa mwanawe alikuwa anachekecha unga. Mwanawe mwenyewe alikuwa mbali, kwenye kambi ya watu wanaotengeneza barabara, akamwachia mama mke kama mtu anavyomwachia jirani kuku. Na mumewe Mashoto, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva ingawa kampuni ilishamnyang'anya lori na kumpa kijana, alikaa kwenye kigoda akikata maganda.

"Madogo zaidi," Mashoto alimwambia. "Hayo utafikiri unampa ng'ombe."

Dereva aliyakata madogo zaidi.

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alibisha hodi wakati huo. Alianza kusifu harufu, akasifu pazia, akasifu hata sufuria. Mgeni anayesifu kabla hajakaa ana jambo, na Mashoto alilijua hilo, akafuta mikono kwenye khanga na kungoja.

"Sasa mama," Mwenyekiti alisema, "mwaka huu kamati imeona tubadilishe kidogo."

"Mbadilishe nini? Nipunguze sukari?"

"Hapana. Mwokaji."

Chekecheo likanyamaza mikononi mwa mkwe.

"Kuna mtu amejitokeza," Mwenyekiti aliendelea haraka, kama anayemeza dawa chungu. "Bei yake iko chini. Halafu kila skonzi ina mfuko wake, ina kibandiko, safi kabisa. Vijana wamependa."

"Nani?"

"Usiniingize kwenye maneno, Mashoto. Ameomba asitajwe." Akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi laini na kukiweka mezani. "Nimekuletea uonje, usije ukasema tumekuonea."

Alikunywa chai nusu kikombe, akasifu tena pazia, akaondoka.

Mashoto aliifungua ile karatasi. Ilikuwa skonzi nzuri, imeiva rangi moja mbele na nyuma. Juu yake palikuwa na kitovu, pale donge lilipokusanywa na kusokotwa ili matunda yasitoke. Kila mwokaji ana kitovu chake, na wote duniani husokotea kulia kwa sababu wote duniani wana akili zao. Hiki kilikuwa kimesokotwa kushoto.

Aliigeuza. Akaigeuza tena. Akaimega, akaonja, na chai ya rangi yenye mdalasini ikamjaa kinywani. Ilikuwa skonzi yake. Aliila akiwa amesimama jikoni kwake, na hakuwa ameioka yeye.

"Onja," akamwambia mumewe.

"Nimeshiba," Dereva alisema, na tangu lori liondoke hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikia akisema neno hilo.

*

Hasira haiulizi njia, hupita palipo karibu. Aliyekuwa karibu ni mkwe.

"Ni nani anayeingia jikoni kwangu?" Mashoto alianza kwa sauti ya chini. "Ni nani ananikandia unga? Ni nani anashinda na simu mkononi, mara anacheka nayo, mara anaielekeza huku?"

"Mama, mimi naongea na mume wangu."

"Unaongea naye au unampiga picha mama yake akifanya kazi ukauze? Nimekulaza, nimekulisha, nimekuita mwanangu. Kumbe nafuga nyoka!"

"Mama!"

"Usiniite mama! Mama yako yuko kwenu."

Maneno mengine yaliyofuata hayafai kuandikwa, na Mashoto mwenyewe baadaye alitamani yangekuwa ya mtu mwingine. Alimtukania msichana kwao, akamtukania saluni anayokwenda kusuka, akamwambia kwamba damu si maji na yeye ni maji. Jirani wa upande wa pili alipunguza redio yake ili asikie vizuri. Dereva aliendelea kukata maganda. Yaliyokuwa madogo aliyakata yakawa madogo zaidi, yakawa uji.

Mkwe alilia kidogo tu. Kisha akajipangusa uso kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na unga, akasema, "Nipe donge nikunje."

"Ukunje nini?"

"Skonzi. Si unasema nimekuibia? Nipe nikunje, uone mwizi wako anavyojua kazi."

Lilikuwako donge la kujaribia hamira, limeshaumuka chini ya kitambaa. Mkwe alikata kipande, akakitandaza kwa kiganja, akajaza matunda katikati, kisha akasita. Alivuta ukingo mmoja, akavuta mwingine, akaubana kama anayefunga mfuko wa nyanya. Chai ikamchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akairudia, ikapasuka ubavu. Hata hivyo akaitia kwenye oveni, akafunga waya, akaegemeza tofali, na wote watatu wakasimama kuingoja kama wanaongoja daktari atoke.

Ilitoka imeachama mdomo. Matunda yalikuwa yamemwagika yote kwenye trei na kuungua.

"Hujanifundisha, mama," mkwe alisema. "Unga nakanda mimi, trei napaka mafuta mimi, masufuria naosha mimi. Ila kila ukifika kwenye kukunja unanituma dukani. Mara chumvi, mara kiberiti. Chumvi iliyomo humu ndani inatosha kukausha samaki. Nilijua. Nikawa naenda tu."

Mashoto alitazama kwenye rafu. Paketi za chumvi zilikuwa zimepangana kama matofali, na zote alizinunulisha yeye.

Kukunja alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu maishani mwake, mdogo wake Kitinda, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alimweka ubavuni, bega kwa bega, juu ya kopo la mafuta ili aifikie meza, na mtoto akafuata mkono aliouona. Hakutaka kuliamini. Alilitafutia wazo hilo mlango wa kutokea, likakataa kutoka.

"Baba yenu," akamgeukia mumewe, "mara ya mwisho Kitinda kuja hapa ni lini?"

"Mwezi huu amekuwa anaumwa mgongo," Dereva alisema, akiyatazama maganda.

*

Kitinda aliishi mitaa miwili mbele, kwenye nyumba yenye geti, na mumewe alikuwa amemnunulia pikapu ndogo. Mashoto hakuhitaji kugonga. Harufu ilimpokea njiani kabla ya geti, ikamshika mkono ikamwingiza mpaka uani.

Oveni ilikuwa imesimama pale chini ya bati, mpya, inang'aa. Rafu mbili. Mpini upande wa kushoto.

Mashoto aliushika mpini ule. Ulikaa kiganjani sawasawa, kama alivyomwelekeza fundi.

"Karibu, dada," Kitinda alisema kutoka mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Imekuunguza?"

"Kidogo."

"Mlango wake unamfuata mtu wa mashoto. Wewe ukiufungua, mvuke wote unakuja kwako." Alikuwa anamweleza kama zamani, na aliposikia sauti yake mwenyewe ikimweleza, akanyamaza. Kisha akasema, "Hii fundi aliniwekea mimi."

"Shemeji ndiye alienda kuongea naye. Alimwambia hutaihitaji tena."

"Shemeji gani?"

"Dada, mimi nina shemeji wangapi?"

Mashoto alitafuta pa kukaa. Palikuwa na kreti la soda, akalikalia. Mezani zilipangwa skonzi kwenye mifuko yao, na kwenye kibandiko paliandikwa Skonzi za Nyumbani. Hapakuandikwa za nyumbani kwa nani.

"Mimi sikukuficha kwa ubaya," Kitinda alianza, na maneno yakaja mengi, ya mtu aliyeyafanyia mazoezi. "Nilikuomba mara ngapi tufungue kazi pamoja? Nikakwambia tuweke mifuko. Ukasema skonzi si sabuni. Nikakwambia tutafute maduka. Ukasema maduka yataziua. Kila mwaka wewe na ule waya wako! Mtu atangoja mpaka lini? Na kunifundisha ulinifundisha mwenyewe. Mikono ni yangu."

Yalikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana yaliuma. Angekuwa mwongo mtupu Mashoto angemzaba kofi, wakalia, wakapatana.

"Mikono ni yako," alisema. "Hebu kunja nione."

"Sasa hivi?"

"Kunja tu, hata hewani."

Kitinda alikunja hewani, akiwa amebinua mdomo. Vidole vilikusanya donge lisilokuwepo. Mkono wa kulia ukalishikilia, wa kushoto ukasokota.

"Unaandikia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Unalia mkono gani?"

"Wa kulia, dada, maswali gani haya?"

"Sasa mbona unasokotea wa kushoto?"

Kitinda aliutazama mkono wake. Ilionekana hajawahi kujiuliza. Miaka yote ile alidhani watu wote hukunja hivyo, na kama angejua, angebadilisha, na dada yake angeila skonzi ile na kubaki na shaka tu.

"Hata kuniibia," Mashoto alisema akiinuka, "umeniibia kwa mkono wangu."

*

Dereva alikuwa bado kwenye kigoda. Alimwona mkewe usoni, akaweka kisu chini.

"Kwa nini?" Mashoto hakusema zaidi ya hilo.

Dereva aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za pikapu, akaziweka juu ya goti. Alizitazama kwa upendo ambao mkewe hakuwa ameuona kwa muda mrefu.

"Amenipa gari," alisema. "Mimi ni dereva. Watu wananiita Dereva nikienda kununua mboga kwa miguu. Wewe ulinipa kisu, ukanipa maganda. Na hata maganda nikikata unaniambia nampa ng'ombe."

"Ndiyo ukampa oveni yangu."

"Alikuwa na pesa mkononi. Fundi hakutaka kungoja. Nikaona ni mdogo wako, ni ndani kwa ndani, haijatoka nje."

"Na matunda? Chai ya rangi nilianza yeye akiwa ameshaolewa. Nani alimwambia?"

Dereva alizirudisha funguo mfukoni.

"Na huyu binti wa watu? Nimemtukana mpaka nimemtukania kwao, wewe umekaa hapo hapo. Ulijua si yeye."

"Ningesemaje? Ulikuwa umeshaanza."

Mlangoni mkwe alikuwa amesimama na ndoo ya maji. Aliyasikia yote. Aliiweka ndoo mahali pake papya, pale kando, akiacha wazi ile nafasi iliyopimwa kwa ufagio, kisha akakumbuka, akairudisha ilipokuwa zamani.

Mashoto alitaka kumwomba msamaha hapo hapo. Akafungua kinywa, akauliza kama chumvi ipo.

*

Siku ya Pasaka alikwenda kanisani, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kutangaza. Alivaa gauni lake la kijani, mkwe akamfunga kilemba, na wakatoka wawili. Dereva alikuwa ametoka mapema, amenyoa ndevu, hakusema anakwenda wapi na hakuulizwa.

Ibada ilikwisha, watu wakamiminika kwenye ukumbi, chai ikagawiwa. Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa na Dereva akaingia na trei begani, funguo zinaning'inia kidoleni. Alitembea kifua mbele, kama alivyokuwa akishuka kwenye lori zamani. Alipomwona mkewe, kifua kikarudi mahali pake, lakini miguu iliendelea. Kitinda alikuwa nyuma yake na trei nyingine, akaiweka mezani na kujipoteza haraka kwenye kundi la waimbaji.

Watu walichana mifuko. Walikula. Na halafu, mmoja mmoja, wakaanza kuja kwa Mashoto.

"Mama, mwaka huu umejizidi!" alisema mwalimu wa kwaya, makombo kwenye tai.

"Na mifuko umeweka! Umeendelea, mama. Tulikuwa tunasema lini huyu ataweka mifuko."

"Hazijaungua hata moja. Umepata oveni nini?"

"Na mzee mwenyewe ndiye anasambaza! Hiyo ndiyo ndoa."

Kila pongezi ilimchoma mahali pake. Alitikisa kichwa, akatabasamu kwa meno tu. Mwenyekiti, upande wa pili wa ukumbi, alikuwa ameshughulika sana na birika.

Mwishowe akaja bibi mmoja asiyeona vizuri, anaongozwa na fimbo. Aliipapasa skonzi yake juu kwa kidole gumba, taratibu, akakuta kitovu, akacheka.

"Kushoto," alisema. "Nilijua tu. Mungu akubariki mkono huo, mwanangu."

"Si zangu, bibi," Mashoto alisema.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Waliokaa karibu wakageuka.

"Si zangu. Mwaka huu sikuoka mimi."

Bibi akapiga kicheko, akampapasa begani kwa mkono wenye makombo. "Wacha utani wako! Nani humu asiyejua mkono wa Mashoto?" Na wote wakacheka naye, kwa upendo, na mtu akamwongezea Mashoto chai.

Mkwe aliyekuwa ubavuni pake hakucheka. Skonzi yake ilikuwa kwenye sahani, haijafunguliwa mfuko.

*

Matunda yalikuwa bado kwenye sufuria. Yangekaa siku mbili tatu zaidi, kisha yachachuke. Mashoto alivua gauni la kijani, akafunga khanga, akatoa unga, akatoa hamira. Mkwe akaja bila kuitwa, akakanda. Donge lilipoumuka, mkwe alinawa mikono, akachukua kikapu msumarini.

"Unakwenda wapi?"

"Dukani, mama. Tumefika kwenye kukunja."

Mashoto alifuta mikono kwenye khanga. "Rudisha hicho kikapu. Njoo ukae hapa ubavuni pangu. Leo nakufundisha." Kisha, kwa shida, kama anayeng'oa jino mwenyewe, "Nilikukosea, mwanangu. Nilikukosea sana. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, mama."

"Basi njoo."

Mkwe hakusogea. Alikuwa anakizungusha kikapu mikononi, macho kwenye donge. Ilionekana wazi kwamba alitaka. Alishaitaka nafasi ile tangu siku aliyoingia nyumba hii.

"Usinifundishe," alisema mwishowe, kwa upole, kwa heshima zote. "Siku ile kilichoniokoa ni kutojua. Ningekuwa najua kukunja, leo ningekuwa kwetu. Nikijifunza, siku nyingine kazi yako ikiibiwa tena, mama, utanitazama mimi kwanza."

Mashoto alitaka kuapa kwamba haitakuwa hivyo. Lakini alikuwa amechoka kusikia viapo, hata vyake.

"Haya," alisema. "Lete kiberiti."

Mkwe akatoka. Kiberiti kilikuwepo, juu ya rafu, karibu na chumvi. Mashoto alikata donge, akalitandaza, akajaza matunda, akasokota kushoto. Akakata jingine. Trei ilipojaa aliisukuma ndani, akafunga waya, akaegemeza tofali, na akabaki amesimama hapo kuigeuza.